Mwenyekiti na Taa ya Jumatatu

Mwenyekiti alikuwa akisalimia miguu. Kama umewahi kuingia karakana ya magari utaelewa: nusu ya mafundi wako chini ya magari, na kinachoonekana ni viatu tu na soksi zilizotoboka. Wateja wengine waliiruka miguu hiyo kama wanaruka mtaro. Yeye alisimama mbele ya kila jozi, akasema, "Habari ya kazi," kisha akangoja. Hakusogea mpaka sauti ijibu kutoka chini. Fundi aliyekuwa ameuma tochi kwa meno na hawezi kusema neno alitikisa kiatu, na hilo lilimtosha.

Kwa hiyo ilimchukua muda kutoka langoni hadi kwenye benchi langu, pale nyuma ya soko la Machakos, nilikokuwa nikitengeneza umeme wa magari. Kila mara alichelewa kwa sababu ya salamu, na kila mara alianza mazungumzo kwa kunieleza jinsi watu wa siku hizi wasivyojua kuheshimu saa. Sikuwahi kumwonyesha kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Nadhani alijua.

Nilifahamiana naye kwa miaka mingi bila kumwita kwa jina. Wote walimwita Mwenyekiti, hata mumewe, ambaye nilimsikia siku moja akiuliza kwa upole kama Mwenyekiti angependa chai iongezwe sukari.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa upande wa Kola. Walianza kama mwethya wa kawaida, yaani kazi ya pamoja: leo wanachimba matuta ya kuzuia maji katika shamba la huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayebaki nyuma. Matuta yakashika maji, mashamba yakatoa nyanya, na nyanya zikaleta madalali. Madalali walifika na pikapu zao mpaka mlangoni, wakataja bei wakiwa bado wamekaa ndani ya gari, na kama mama alikataa waliwasha injini. Nyanya iliyoiva haiwezi kungoja wiki, nao walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndipo Mwenyekiti alipowashawishi wenzake wanunue lori.

Nusu ya wanachama walitaka kinu cha kusaga mahindi. Kinu hakiharibiki njiani, walisema, na hakihitaji dereva. Mwenyekiti aliwabembeleza msimu mzima, nyumba kwa nyumba, mpaka wakakubali. Basi nawaomba mkumbuke jambo hili ninapoendelea: lori lile halikuwa gari tu. Lingeshindwa kazi, madalali wangerudi mlangoni, na aliyewaambia akina mama waache kinu alikuwa yeye.

Lori lenyewe lilikuwa la dizeli, tani nne, limetumika Japani kisha likaletwa kwetu likiwa bado na vibandiko vya maandishi ambayo hakuna mtu Machakos nzima aliyeweza kuyasoma. Lilikuwa la aina mpya kwa wakati ule, ambayo injini yake haikutegemea nyaya za chuma na springi peke yake, bali ilikuwa na kompyuta ndogo iliyoamua dizeli kiasi gani iingie. Na lilikuwa na sauti. Kila lilipokata kona kwenda kushoto, spika ndogo iliyofungwa ubavuni ilitoa sauti ya mwanamke, nyororo na yenye adabu, ikisema maneno ya Kijapani. Kwenda kulia, kimya. Kushoto, anazungumza.

Akina mama walimwita Mgeni. Nilipojitolea kukata waya wake, Mwenyekiti alikataa.

"Ametoka mbali," akasema. "Wacha aongee."

Wakawa wanamjibu. Lori likikata kona ya kuingia sokoni, Mgeni alisema yake, na kutoka nyuma, juu ya makreti, sauti nyingi zikaitikia kwa Kikamba kwamba wao pia ni wazima. Wauza miwa wa kona ile walijua Jumatatu na Ijumaa, siku za soko, kwamba kina mama wa Kola wamefika hata kabla ya kugeuza shingo.

Mwenyekiti hakujua kuendesha na hakutaka kujifunza. Lakini hakuna safari ya soko ambayo hakuwa amekaa kiti cha mbele karibu na dirisha, viatu amevivua na kuviweka kwenye mfuko, kwa maana sakafu ya lori ilikuwa safi na viatu vyake vimetoka shambani. Aliendesha kwa masikio. Dereva wao, Muli, kijana mtulivu, aliniambia kwamba kwa mwaka wa kwanza alitamani kuacha kazi, kwa sababu mtu aliyekaa kando yake hajui breki iko wapi lakini anajua kila gia inavyolia.

"Muli, hiyo unaifinya," angesema. "Iteremshe kidogo."

"Na hakukosea?" nikamuuliza.

"Hakukosea. Hiyo ndiyo shida."

Simu za mkononi zilipofika Kola, kikundi kilimnunulia moja, naye aliishika mbali na uso kama mtu anayebeba yai la mtu mwingine, akaongea kwa sauti ya kumfikia mtu wa mlima wa pili. Alipinga umbeya kwa nguvu zote. Mtu akianza kumletea habari za nyumba ya jirani, aliinua mkono kumzuia, akamwambia hayo si mambo ya kikundi. Halafu, mkono ukiwa bado juu, angeuliza, "Lakini huyo mume alirudi?"

Alikuwa mtu wa kufurahi, na pia alikuwa mtu wa kitambaa cheupe. Hicho ndicho kitu ambacho kila mwanachama alikiogopa. Lori liliwabeba kwenda kanisani Jumapili, wao na kwaya, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, na Mwenyekiti hakutaka mtu ashuke na alama ya vumbi mgongoni. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni, Muli akishaliegesha lori na kwenda kwao, kikosi kimoja cha akina mama kililiosha. Vikosi vilipokezana zamu. Jumapili asubuhi, kabla mtu hajapanda, Mwenyekiti alitoa kitambaa chake cheupe, akakipitisha mahali popote alipopenda, akakitazama. Hakukemea. Alikikunja tu taratibu, au alisema, "Hawa wamefanya kazi," na kikosi kilichosifiwa kikatembea wiki nzima kama kimeshinda kombe.

Sasa nieleze kuhusu taa, na nitaeleza polepole, maana si jambo gumu mtu akilichukua kipande kwa kipande.

Injini ya aina ile ina vifaa vidogo ambavyo mafundi tunaviita sensa. Kimoja kinapima joto, kingine mgandamizo wa mafuta, kingine mzunguko wa injini. Kila kimoja kinapeleka habari yake kwa kompyuta kupitia waya mwembamba. Habari zikifika sawasawa, kompyuta inatoa dizeli ya kutosha. Habari moja ikikosa kufika, au ikifika imepotoka, kompyuta inaogopa. Inawasha taa ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi, kengele inalia, na inapunguza nguvu za injini ili isijiue. Lori linakuwa kama mtu aliyeambiwa na daktari asikimbie.

Taa ya lori la Kola ilianza kuwaka siku za Jumatatu. Hasa pale mlimani, kabla ya kuingia mjini, lori likiwa limejaa makreti ya nyanya. Kengele inalia, nguvu zinaisha, na lori linapanda mlima kwa mwendo wa mzee anayetafuta fimbo yake. Walifika sokoni wakati wanunuzi wa Nairobi wamekwisha kujaza magari yao na kuondoka. Nyanya za saa tatu si nyanya za alfajiri, hata kama ni zile zile.

Madereva wa mjini walikuwa na dawa yao ya taa za namna hiyo: kipande cha utepe mweusi. Unakibandika juu ya taa, huioni, unaendelea na safari. Muli alishauriwa hivyo na akabandika. Mwenyekiti aliubandua utepe ule kwa ukucha kabla hawajafika barabara kuu.

"Mtu akikuita kwa jina," akamwambia, "utajifanya umelala?"

Jambo la ajabu ni kwamba taa hiyo ilitibika kwa urahisi sana. Shemeji wa mweka hazina wa kikundi alibadilisha chujio la dizeli siku ya Jumanne. Jumatano taa ikazimika, akasifiwa. Wiki iliyofuata ikawaka tena. Muli akatia dawa ya chupa kwenye tangi, na kufikia Jumatano taa ikazimika. Jumatatu ikawaka. Mchungaji, aliyeombwa tu apite kusalimia siku ya Jumatano, aliweka mkono kwenye uso wa lori akaomba, na taa ikazimika siku hiyo hiyo. Kwa unyenyekevu alisema hataki jambo hilo lizungumzwe sana, akalizungumza kidogo. Jumatatu ikawaka. Mimi nami nilikuwa na zamu yangu. Niliunganisha waya mbili chini ya dashibodi, kama inavyofanywa, na taa ikaanza kupepesa, mara ndefu mara fupi, ikionyesha kwamba habari iliyokosa kufika ni ya sensa ya mgandamizo wa mafuta. Nikaibadilisha. Jumatano taa ilikuwa imezimika, nikajisikia fundi. Mnajua kilichotokea Jumatatu.

Mwenyekiti hakukasirika. Alikuja, akasalimia miguu yote, akaketi, na kunitaka nimweleze upya kama vile hajawahi kusikia. Hiyo ilikuwa tabia yake nyingine: hakukubali maelezo mpaka aweze kuyarudia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kwa hivyo hii taa haisemi nani mgonjwa," akasema. "Inasema ujumbe haujafika."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na sisi tumekuwa tukimtibu aliyetuma."

Nilikuwa nimesema maneno mengi kufikia hapo, na yeye aliyakunja yakawa mawili. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza wateja hivyo hivyo. Lakini kujua kwamba ujumbe unapotea njiani hakukutuambia njia yenyewe imekatwa wapi, wala kwa nini ikatike Jumatatu na kujiunga Jumatano. Nyaya nilizipima zikiwa kavu, wakati taa imezimika, nazo zikanionyesha afya njema.

Huko Kola mambo yalikuwa yakichemka. Mfanyabiashara mmoja wa mchanga alikuwa ameliona lori na kulitaka, taa na yote. Mweka hazina, mama mwenye akili ya haraka na ulimi usiokwama, alikuwa upande wa kinu tangu mwanzo, naye akaleta hoja kikundini: lori liuzwe kabla halijawa chuma chakavu, kinu kinunuliwe. Dalali mmoja alikwisha kuonekana tena barabarani, akipita polepole, akipunga mkono kwa urafiki mwingi. Ulipangwa mkutano siku ya Jumanne, uani kwa kanisa. Mwenyekiti aliniomba nije na vifaa vyangu, na akaniambia wazi kwamba hoja ikipita hatabishana. Mtu aliyewaomba wenzake wanunue kitu, na kitu kikakataa kutembea, hawezi kuendelea kukalia kiti.

Nilifika nikakuta lori limeegeshwa ubavuni mwa kanisa na taa bado inawaka tangu jana yake, na makreti mengine ya nyanya yakiwa yamerudi nalo. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Mweka hazina alieleza hoja yake vizuri na bila uchungu. Alisema wamejaribu. Alisema nyanya zilizorudi wamezipika mpaka watoto wanakimbia wakiona sufuria. Watu wakacheka, lakini niliona vichwa vingi vikitikisika kukubali. Alipomaliza, wote walimtazama Mwenyekiti, nami nilitazama chini.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na desturi kutoka siku za matuta. Kazi ikiisha, kabla ya kutawanyika, walisimama duara na majembe yao, na kila mmoja akasema mikono yake imefanya nini siku hiyo. Si hotuba. "Mimi nimechimba kutoka mti ule mpaka jiwe." "Mimi nimebeba mawe." "Mimi nimepika, na chumvi ilikuwa kidogo, samahani." Hakuna anayesifu wala kulaumu wakati wa kuzunguka. Kwa njia hiyo walijua tuta likibomoka nani alishindilia wapi, wakarudi wakalitengeneza, bila mtu kutafutwa kama mwizi.

Mwenyekiti akasimama. "Kabla hatujapiga kura," akasema, "tuzunguke. Sitaki mtu aniambie lori liko na nini. Kila mtu aseme mikono yake imefanya nini kwa lori, tangu Ijumaa."

Wakaanza. Muli alisema ameangalia oili na maji, amejaza upepo gurudumu la nyuma. Mama wa pili alipakia makreti. Wa tatu alifunga kamba. Wa nne alisema yeye alilala juu ya magunia tu, watu wakacheka. Wakazunguka hivyo mpaka wakamfikia mama mmoja mwembamba aitwaye Mbithe, kiongozi wa kikosi kilichoosha lori Jumamosi iliyopita, ambacho Jumapili kilikuwa kimepata sifa.

"Sisi tuliosha," akasema Mbithe, akaketi.

"Mliosha wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Kila mahali."

Nilimwona mama aliyekaa kando akimfinya Mbithe kiunoni. "Sema tu," akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. "Hata sisi tulifanya."

Mbithe akasimama tena. "Tuliinamisha kichwa."

Muli alikuwa akitafuna nyasi, akaacha. "Mliinamisha nini?"

"Kichwa cha lori. Kile cha mbele. Tuliinamisha vile tunainamisha ng'ombe akipewa dawa."

Malori ya aina ile injini yake imekaa chini ya kichwa, mahali anapokaa dereva, na ukitaka kuifikia unafungua komeo na kukiinamisha kichwa chote mbele. Muli alizoea kukiinamisha peke yake, kwa tahadhari. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu mwingine anajua.

"Nani aliwafunza?" akauliza.

"Wewe. Tulikuwa tunakuona."

"Na huko ndani mkafanya nini, mwaitu?" nikauliza mimi, nikitumia neno la heshima la Kikamba, mama yangu, kwa maana niliona ameanza kuogopa.

"Tulimwaga maji, fundi. Na sabuni. Mengi. Mpaka ikang'aa."

Basi likafunguka lote. Ilikuwa mashindano. Kikosi cha kwanza kiliosha magurudumu, cha pili kikapita chini ya vikinga tope, na Jumapili moja Mwenyekiti aliingiza kitambaa chake kutoka chini, pale injini inapoanza, kikatoka na alama. Alikikunja tu. Jumamosi iliyofuata kikosi kilichokuwa zamu kikainamisha kichwa. Wengine wakagundua siri, nao wakafanya hivyo, na hakuna kikosi kilichomwambia Muli wala Mwenyekiti. Duara likaendelea kuzunguka na kila kiongozi akakiri. Mwisho likamfikia mweka hazina, aliyekuwa mwenye hoja.

Akasimama, akarekebisha kilemba chake. "Sisi," akasema, "tulitumia brashi."

Sijasikia kicheko kama kile uani kwa kanisa. Hata mchungaji alitoka ndani kuona kuna nini. Mweka hazina mwenyewe alicheka mpaka akashika bega la jirani yake.

Mwenyekiti peke yake hakucheka mara moja. Alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa cheupe, akakitazama.

"Basi ni hiki," akasema. "Hawa wote walikuwa wananifurahisha mimi."

Kisha naye akacheka, akanipa kitambaa. "Fundi, fungua. Pangusa na hiki, wote waone."

Tuliinamisha kichwa cha lori, Muli na mimi, na akina mama wakasogea karibu. Nikafuata waya wa sensa ile kwa vidole mpaka nikafika kwenye soketi, mahali ambapo waya mbili zinakutana na kubanana ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umezeeka na kupasuka. Nikaitenganisha, nikaingiza ncha ya kitambaa. Kilitoka kimelowa, na kimechafuka kwa unga wa kijani, ule ambao shaba hutoa ikikutana na maji mara kwa mara. Kikapita mkono kwa mkono.

Nikawaeleza. Jumamosi maji yanaingia. Jumapili lori linateremka tu mpaka kanisani, halina mzigo, halichoki, na kompyuta haina cha kulalamikia. Jumatatu linapanda mlima na mzigo, injini inatikisika na kupata joto, maji yanatawanyika ndani ya soketi, na ujumbe unapotea. Kufikia Jumatano joto la injini limeyakausha, ujumbe unapita, na yeyote aliyekuwa ameshika spana siku hiyo anapata sifa. Nikamtaja shemeji, nikamtaja Muli, nikajitaja mimi. Mchungaji nilimwacha, lakini alijitaja mwenyewe.

Nilikata ncha zilizooza, nikaunganisha mpya kwa risasi iliyoyeyushwa, nikapaka grisi, na kuifunga soketi kwa kipande cha mpira wa tyubu ya gurudumu. Mweka hazina hakuiondoa hoja yake; alisema isubiri Jumatatu. Nilimheshimu kwa hilo. Kicheko si matengenezo.

Jumatatu ile nilipanda nao. Jumamosi walikuwa wameosha nje tu, na injini wakaipangusa kwa matambara makavu. Mwenyekiti alikaa dirishani bila viatu, mimi katikati, na nyuma makreti yamejaa na akina mama juu yake. Tulipoanza kupanda, Muli alishika usukani kama ameshika mtoto wa watu. Tulifika mahali ambapo kengele ilizoea kulia, tukapapita. Mwenyekiti alikuwa akitazama mbele, lakini midomo yake ilisogea kila gia ilipobadilika. Karibu na kilele kuna kona ya kushoto. Muli akakata, na Mgeni akaanza kuzungumza, na sisi watatu tuliruka kwenye viti kama tumechomwa sindano. Ndipo kutoka nyuma wakaitikia, na tukaingia mjini tukiwa tunacheka, giza la alfajiri likiwa bado halijaisha sokoni na magari ya wanunuzi yakiwa yamefungua milango.

Hoja ya kuuza haikuletwa tena. Dalali aliacha kupunga mkono. Na kitambaa cheupe Mwenyekiti hakukiacha, msidhani. Mtu habadiliki hivyo. Aliendelea nacho kila Jumapili, ila tangu siku ile, kabla ya kusifu kikosi, aliwauliza kwanza wamefanyaje. Wakimweleza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia kwa maneno yake mwenyewe, kisha ndipo akakikunja.

Alikuja karakana kwa miaka mingine mingi, kwa taa nyingine na kelele nyingine, na mara mbili tatu bila shida yoyote, kuona tu kama bado ninachelewa kufungua. Halafu akaacha kuja, akawa anakuja Muli peke yake, na baadaye dereva mwingine. Niliambiwa amepumzika uenyekiti. Sikuuliza zaidi.

Mara ya mwisho nilimwona barabarani. Nilikuwa nikitoka kutengeneza jenereta ya shule moja, asubuhi yenye jua zuri, nikaona lori lile limesimama pembeni, rangi imefifia, kichwa kimeinamishwa. Nikaegesha, nikachukua tochi na spana zangu. Mama mmoja kijana alikuwa ameingiza mikono miwili ndani ya injini huku dereva akishika kamba ya makreti ili yasimwangukie. Nilimjua kwa sura tu. Alikuwa ameolewa Kola lori likiwa tayari lipo, na katika maisha yake hajawahi kuuza nyanya kwa mtu aliyekaa ndani ya pikapu. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni fundi wa umeme, nisaidie?

"Asante, mzee," akasema bila kutoa mikono. "Ni taa ya betri iliwaka. Mkanda wa kuchaji umelegea, tumeshauona. Tunaukaza sasa hivi."

Nilitazama. Alikuwa ameuona kweli, na anaukaza vizuri.

Nikainua macho, na huko juu ya makreti, kati ya akina mama wengine, alikuwa amekaa Mwenyekiti, amekonda kidogo, leso imemfunika mabega, mkono mmoja umeshikilia kreti lililokuwa limekaa vibaya. Tukasalimiana kwa muda mrefu, mimi nikiwa chini na yeye juu. Alitaka kujua habari za kila mtu wa karakana. Nikamwuliza kama ameridhika na jinsi ule mkanda unavyokazwa, au angetaka niushike kidogo kabla hawajaondoka.

"Hayo mambo mimi unaniuliza ya nini?" akasema, akiangalia upande mwingine kwa heshima, asije akaonekana anachungulia. "Mimi leo ni mzigo. Ongea na mwenyekiti."

Kichwa cha lori kikarudishwa, komeo likalia. Yule mama kijana alipangusa mikono, akaninyooshea mkono wa kuaga, akapanda mbele, akafunga mlango. Injini ikawaka. Taa ikazimika. Lori likaingia barabarani kuelekea sokoni, na mzigo ukanipungia mkono.